Ile ya Kwanza Haikupita

Abílio, leo nimechelewa kuamka.
Ile ya kwanza haikupita,
ile ya saa kumi na mbili kasoro dakika tano
iliyokuwa ikitikisa vikombe kabatini
hata kile chako chenye ufa kikaimba.
Miaka thelathini na mmoja tumeilaani,
tumeandikia manispaa, tumekusanya sahihi,
Dona Hermínia wa ghorofa ya tatu akaapa ataipiga jiwe.
Leo nimelala hadi jua likanigusa mguu,
nikadhani nimekufa.

Kimya hakikubisha hodi.
Ndege zilipungua kama wageni wa matanga,
ikabaki moja moja,
kisha mbingu ya Lisboa ikawa sahani iliyooshwa.
Nilizichungulia nilipokwenda kutafuta uzi:
zimepangwa kule uwanjani,
injini zimezibwa midomo kwa turubai jekundu
kama watu waliokatazwa kupumuliana.

Ulikwenda kwa siku kumi na mbili tu.
Wewe, usiyepanda hata lifti,
ukajikaza, ukavaa suti ya harusi ya Duarte,
ukaenda Toronto kumpakata mjukuu.
Nilikufungia jozi nne za soksi.
Sasa ni wiki ya sita
na soksi, waniambia, zimeota madirisha.

Shirika limeniandikia mara nne.
Safari ya tarehe ishirini imefutwa.
Ya tarehe tatu imefutwa.
Ya Pasaka imefutwa, lakini wametutakia Pasaka njema.
Ya nne haina hata tarehe.
Wametupa vocha.
Nimeichapisha, nimeilaza juu ya mto wako.
Haikoromi.

Huku sina kazi, na kazi haziishi.
Nimelikata pazia la sebuleni, lile la maua ya manjano,
nimetoa barakoa thelathini na nane;
jengo zima sasa linatembea na sebule yetu usoni.
Duka la dawa limebandikwa mistari ya gundi sakafuni.
Senhor Belmiro, aliyekuwa akibusu mikono ya foleni nzima,
anasimama juu ya mstari wake
kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mume wa Hermínia walimchukua Jumatano.
Alishuka ngazi kwa miguu yake, mkononi mswaki.
Mswaki ukarudi peke yake
ndani ya mfuko uliofungwa mara mbili.
Nilipika supu, nikaiacha mlangoni,
nikabisha, nikarudi nyuma ngazi tano.
Tukalia hivyo, kila mtu na ngazi yake,
supu katikati ikipoa.

Unanipigia saa nne usiku wangu,
saa kumi na moja jioni yako.
Unanionyesha mabaki ya theluji nyuma ya gereji,
unanionyesha jino la mtoto, dogo kama punje ya mchele.
Juzi ulikatiza neno katikati,
ukanyanyua kidole.
Nami nikanyamaza.
Tukangoja, kama tulivyozoea mezani,
kijiko hewani, sentensi hewani,
ngurumo ivuke paa.
Hakikupita kitu.
Ukacheka wewe kwanza.

Mimi sikulala.
Nilihesabu maneno yetu yaliyokatwa shingo:
ugomvi ulioishia nusu, na heri uliishia nusu,
vichekesho visivyofika mkiani.
Na jioni ile, mwaka tuliohamia,
umesimama dirishani na brashi ya rangi,
ukasema, "Deolinda, mimi bila wewe ni..."
Ikapita. Kubwa, ya usiku, ya Brazili.
Iliponyamaza ukasema, "Haya, rangi imeshika."
Sikuuliza.
Nani angeuliza? Tulikuwa na muda wa kumwaga.

Sasa anga ni tupu, Abílio.
Nasikia saa ya ukutani,
nasikia chiriku wa Hermínia akipasua mbegu,
nasikia kucha za njiwa kwenye vigae.
Usiku ukipiga, usinionyeshe theluji.
Shika brashi, au kijiko, chochote kile,
simama dirishani kwa watu huko.
Hakuna wa kukukatiza.
Malizia.